JE, WAJUA? Kuvu huweza kuota ndani ya pafu
Mkazi wa Nassa, wilayani Busega, aliyepona kifua kikuu anaweza kukohoa damu miaka kadhaa baadaye bila TB kurudi. Katika tundu lililoachwa na ugonjwa huota kuvu ya Aspergillus, ile inayokaa kwenye majani yanayooza na nafaka yenye unyevu, ikajikusanya kuwa donge.

Upasuaji hulitoa donge hilo, lakini si kila kifua kinauhimili. Tundu lenye kuta nene ndilo linalotisha zaidi: pafu huwa limegandamana na ukuta wa kifua, na kulibandua humwaga damu nyingi. Tena pafu lililokakamaa halitanuki kujaza nafasi iliyobaki. Hewa huvuja kwa siku nyingi, usaha ukafuata. Uvutaji sigara, utapiamlo na mapafu yote mawili kuharibika huongeza hatari. Ndiyo maana pumzi hupimwa kwanza.

Ukikohoa damu, usirudie dawa za TB kwa kukisia. Nenda kituo cha afya upimwe makohozi, upigwe picha ya kifua, na useme kwamba uliwahi kuugua. Ikibidi, utapewa rufaa hadi hospitali ya Bugando, Mwanza.