Chaja na GPS kwenye bodaboda: zifungwe wapi?

Ukitaka chaja ya simu kwenye pikipiki, mara nyingi itafungwa pale panapofikika haraka: kwenye usukani, waya ukizungushwa juu juu kwa solotepu. Kiangazi itafanya kazi vizuri. Mvua za Novemba hadi Aprili hapa Ufipa ndizo zitakazoonyesha kama mahali palifaa.

Maji hufuata waya mpaka kwenye kiungo, na kiungo kilichosokotwa kwa mkono tu hushika kutu upesi. Waya uning'inie kidogo chini ya chaja kabla ya kuingia ndani yake, ili matone yadondokee pale kwenye mkunjo. Mdomo wa chaja uwe na kifuniko na utazame chini.

Usukani nao unageuka. Kabla hujamlipa fundi, ukate hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Waya ukikaza au ukibanwa shingoni, arudie kazi. Ganda lake likisagika hapo, waya wenye umeme utagusa fremu, na fremu imeunganishwa na upande wa hasi wa betri. Waya utapata moto sana, na tangi la petroli liko hapo hapo juu. Ndiyo maana fyuzi inatakiwa ikae karibu kabisa na betri, si karibu na chaja. Ikiwekwa mbali, waya wote ulio kati hauna ulinzi. Chaja inayotoa ampea 2 kwa volti 5 ni wati 10, yaani kwenye betri ya volti 12 inavuta kama ampea 1. Fyuzi ya ampea 2 au 3 inatosha. Umeme wake uchukuliwe kwenye waya unaopata moto ukiwasha swichi tu, usije ukaamka asubuhi betri imekwisha.

Kifaa cha GPS ni habari nyingine. Chenyewe kinahitaji umeme muda wote, na kinahitaji kufichwa, hasa pikipiki ikiwa ya mkataba na deni bado halijaisha. Chini ya tangi la chuma hakipati mawimbi ya setilaiti. Chini ya siti kinapata, maana sponji na plastiki havizuii, lakini mwizi naye huanza na siti. Afadhali nyuma ya plastiki za mbele au za mkiani, mbali na bomba la moshi, na pasiwe mahali ambapo gunia la mahindi litakandamiza waya. Kumbuka kinatuma taarifa kwa laini ya simu: pasipo na mtandao, utaona pale kilipotuma mara ya mwisho tu.

Na simu yenyewe? Mwaka 2021 kampuni ya Apple ilitahadharisha kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone. Injini zetu ni ndogo, lakini barabara za vijijini zinaongeza mtikisiko wake. Kipande cha ndala kuukuu chini ya kishikio kinasaidia. Kama huhitaji ramani, iweke simu kwenye mfuko wa koti.