Kumchagulia Kijana Chuo cha Udaktari wa Meno

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yanapotangazwa, katika nyumba nyingi za Bukoba huanza mazungumzo marefu yanayoendelea hadi usiku. Tuchukue mfano wa familia moja ya Bilele, yenye duka dogo mjini na kibanja cha migomba na kahawa huko Muleba. Binti yao amefaulu vizuri Fizikia, Kemia na Baiolojia, naye ataka kuwa daktari wa meno. Mezani zimo karatasi tatu: fomu ya kuomba nafasi Muhimbili, Dar es Salaam, taarifa za chuo kimoja cha Kampala, na barua ya wakala anayesifu chuo cha ng'ambo ambacho ada yake, kwa kuitazama juu juu, yaonekana nafuu. Baba anafikiria kuuza sehemu ya kibanja. Nacho kibanja cha ukoo, kama ajuavyo kila mkazi wa Buhaya, hakiuzwi bila wanaukoo kuketi na kukubaliana. Kwa hiyo swali la chuo kipi kinafaa si la mzazi na mtoto peke yao.

Msomaji huenda akauliza kwa nini mafunzo haya yawe ghali kuliko mengine. Jibu limo katika kiti. Mhadhiri wa historia aweza kuwafundisha wanafunzi mia mbili kwa wakati mmoja, kwa gharama ya chaki na taa. Mwanafunzi wa meno, afikapo mwaka wa kutibu, ahitaji kiti cha mgonjwa, taa yake, mashine ya kuchimba jino, maji safi, pampu ya hewa, vyombo vilivyochemshwa, na mwalimu aliyesimama karibu awezaye kumzuia mkono kabla hajaharibu. Kinywa ni mahali padogo. Wanafunzi kumi hawawezi kuchungulia ndani yake wakajifunza kwa macho tu. Kabla ya hapo hana budi kukaa miezi mingi katika maabara, akichimba na kuziba meno yaliyopachikwa katika kichwa cha bandia, hadi vidole vizoee kazi ya kupima kwa sehemu za milimita. Chuo kinachotoza ada ndogo mno kimepata fedha mahali pengine, ama serikalini ama kwa wafadhili, au sivyo kimepunguza viti, vifaa au walimu. Mzazi anayo haki ya kuuliza ni lipi kati ya hayo.

Jambo hili si geni duniani. Chuo cha kwanza cha udaktari wa meno kilifunguliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1840, na baada yake viliota vyuo vingi vya watu binafsi ambavyo baadhi vilitafuta faida kuliko elimu. Ilichukua muda mrefu kuvichuja. Ripoti maarufu ya William Gies ya mwaka 1926, iliyochunguza vyuo vya Marekani na Canada, ilidai kwamba mafunzo ya meno yawekwe ndani ya vyuo vikuu na yasimame juu ya sayansi ya tiba. Leo wahitimu wa huko walio na madeni humaliza masomo wakidaiwa wastani wa karibu dola 300,000 kila mmoja. Ubora ulipatikana, lakini bei yake ikapanda hadi juu ya paa.

Hapa kwetu historia ni fupi. Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza mwaka 1979 katika Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hapo Muhimbili. Kabla ya hapo aliyetaka shahada hiyo alikwenda nje ya nchi. Nairobi ilikuwa imetangulia mwaka 1974, na Makerere ikafuata katika miaka ya mwanzo ya 1980. Kitivo kile cha Muhimbili leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi kilichoanzishwa mwaka 2007. Masomo huchukua miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa utarajali hospitalini.

Katika hesabu ya gharama, ada ni mstari wa kwanza tu. Yako malazi na chakula, vitabu, vyombo ambavyo vyuo vingine humtaka mwanafunzi anunue mwenyewe, bima, vibali vya kuishi na nauli. Mkazi wa Bukoba yuko mahali pa ajabu kidogo katika jambo la nauli: Mutukula, mpakani, ni mwendo wa kilomita 80 hivi, na Kampala iko karibu mno kuliko Dar es Salaam. Lakini karibu si lazima iwe rahisi. Anayekwenda Uganda aulize mapema kama atatozwa ada ya mwenyeji wa Afrika Mashariki au ya mgeni. Anayebaki nchini aweza kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Mkopo huo hurejeshwa kwa kukatwa asilimia 15 ya mshahara. Aendaye ng'ambo kwa hiari yake mara nyingi hutegemea mfuko wa nyumbani.

Tena kuna hatari ambayo barua ya wakala haiitaji. Ada ya ng'ambo hulipwa kwa dola, ilhali kahawa na ndizi huuzwa kwa shilingi. Mwanzoni mwa mwaka 2014 dola moja ilikuwa takriban shilingi 1,600. Katikati ya mwaka 2024 ilizidi shilingi 2,600. Tuseme ada ni dola 4,000 kwa mwaka. Kwa kiwango cha kwanza ni shilingi milioni 6.4, kwa cha pili ni zaidi ya milioni 10.4, na chuo hakijapandisha ada hata senti moja. Mzazi aliyeuza nusu ya kibanja akiamini fedha itatosha miaka mitano aweza kujikuta mwaka wa nne anauza nusu iliyobaki, kwani mwanafunzi aliyeishia mwaka wa nne hana cheti cha kumwezesha kutibu mtu yeyote.

Sasa tuje kwenye ubora, na hapa ndipo watu wengi hudanganywa na picha za majengo. Ubora wa chuo cha meno upimwe kwa mikono ya wahitimu wake. Mwanafunzi ataziba meno mangapi, atang'oa mangapi, atatengeneza meno ya bandia mangapi kabla ya kuhitimu? Kila kiti hugawanywa kwa wanafunzi wangapi? Je, mtihani wa mwisho huhudhuriwa na watahini wa nje? Na wagonjwa wanatoka wapi? Chuo chenye mashine mpya kisicho na wagonjwa ni kama jiko zuri lisilo na kuni. Suala la lugha nalo halina budi kupimwa, kwani mwanafunzi asiyeweza kumwuliza mgonjwa wapi panauma huishia kusimama nyuma akitazama. Kwa Mhaya, Kampala ina nafuu yake, maana Kihaya na Kiganda ni ndugu, na sikio huzoea upesi.

Lipo swali jingine ambalo mimi binafsi naliona zito kuliko yote: je, chuo humfundisha kijana kazi atakayoifanya mahali atakapokuwa? Mfano bora ulizaliwa hapa hapa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, katika mradi wa afya ya kinywa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Jo Frencken na wenzake walitazama tatizo la vijiji visivyo na umeme wala maji ya bomba, ambako jino bovu lilingojewa liume hadi likang'olewa. Waliacha mashine. Walitumia vyombo vya mkono kukwangua sehemu iliyooza na kulainika, kisha wakajaza tundu kwa simenti inayoshikamana na jino na kutoa floridi kidogo kidogo, wakiikandamiza kwa kidole. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haikuhitajika. Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa ulimwengu tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, na leo hutumika hata katika nchi tajiri, hasa kwa watoto na wazee. Mhitimu anayejua mashine za kisasa pekee, umeme ukikatika Kamachumu, humrudisha mgonjwa nyumbani.

Juu ya kutambuliwa kwa shahada, neno moja latosha: kabla ya kulipa chochote, mzazi aulize Tume ya Vyuo Vikuu na Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa maandishi, wala asiridhike na neno la wakala.

Iko pia njia fupi ambayo wazazi huidharau bila sababu. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu sayansi aweza kusomea stashahada ya utabibu wa meno kwa miaka mitatu, katika vyuo kama kile cha Mbeya. Tabibu huyo hang'ang'anii upasuaji wa taya, lakini kung'oa, kuziba na kufundisha watoto wa shule ni kazi yake ya kila siku.

Familia yetu ya Bilele ilimwandikia wakala maswali manne: idadi ya viti, idadi ya wanafunzi wa mwaka wa nne, lugha ya wagonjwa, na jina la chombo kilichokithibitisha chuo. Jibu lilikuja na picha sita za bweni. Kikao cha ukoo juu ya kibanja kimeahirishwa, na binti amejaza fomu ya Muhimbili.