Je, Wajua? Hoteli ya mahema mdomoni mwa volkano

Ziwa Kivu linaloonekana kutoka Bagira ndilo hilo hilo lenye kisiwa kilichokuwa na mahema ya kifahari. Kinaitwa Tchegera. Kiko upande wa Goma, ndani ya Hifadhi ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925, kongwe kuliko zote Afrika.

Kisiwa kina umbo la mwezi mwandamo. Sababu? Ni ukingo wa kasoko ya kale. Sehemu iliyobaki imezama. Mgeni alikuwa akilala chini ya turubai, kitanda safi, maji ya moto ya kuoga, na hema lake likiwa limesimama mdomoni mwa volkano!

Volkano jirani bado ziko hai. Mlima Nyiragongo una urefu wa mita 3,470, Nyamulagira mita 3,058. Kasoko zikiwa na lava, usiku anga huwa jekundu. Nyiragongo ulilipuka 1977, 2002 na 2021.

Kuogelea je? Jirusheni. Ziwa Kivu halina mamba. Kilichomo kiko chini kabisa: methani, takriban kilomita za ujazo 60, na kaboni dayoksaidi karibu mara tano ya hiyo. Uzito wa maji ya juu ndio unaozikandamiza gesi hizo zisipande. Rwanda tayari inaivuta methani hiyo kuzalisha umeme.

Na samaki wetu, sambaza? Nao ni wageni. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wala hawakulipia hema.