Haki ya Mvuvi Kujua Hatari

Watu wa Vitshumbi hawana mashamba kijijini. Kijiji chao kimo ndani ya Mbuga ya Virunga, na kulima humo kumekatazwa. Chakula, karo ya watoto, hata sadaka ya Jumapili, vyote hutoka katika Ziwa Edward. Kwa hiyo mwaka 2014, kampuni ya Uingereza iitwayo SOCO ilipopima ziwa ili kutafuta mafuta, wavuvi walikuwa na sababu ya kuuliza: Je, samaki watakimbia? Nyavu zetu zitakuwaje?

Upimaji wa namna hiyo hufanywa hivi: chombo hupiga mshindo majini, sauti hushuka hata kwenye miamba, kisha hurudi, na mitambo hupokea mwangwi wake. Huko si kuchimba. Lakini mafuta yakionekana, kuchimba ndiko kufuatako, na hapo hatari ni nyingine kabisa. Maji ya Ziwa Edward hutoka kwa mto Semliki, huingia Ziwa Albert, kisha mto Nili. Mafuta yakimwagika Vitshumbi, hasara haitakuwa ya Vitshumbi peke yake.

Basi mvuvi atajuaje hayo? Sheria ya Kongo si bubu. Katiba ya 2006, kifungu cha 24, yampa kila mtu haki ya kupata habari. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 yataja hata habari za vitu na kazi zenye hatari, tena yadai uchunguzi ufanywe kabla ya kazi kuanza. Mwaka ule ule amri ya serikali iliagiza mikataba ya mali ya asili itangazwe katika siku 60. Maneno mazuri! Ila yameandikwa kwa Kifaransa, na pale ufukweni watu husema Kiswahili.

Tarehe 11 Juni 2014 SOCO iliahidi kutochimba mbugani, isipokuwa UNESCO na serikali wakubali. Julai 2022 serikali ikanadi vitalu vingine, baadhi yake vikiigusa Virunga. Mnada huo ukafutwa Oktoba 2024.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa 2015, namba 183, aliwapa wenyeji nafasi ya pekee katika mashauri ya namna hii. Basi, wenye mitambo wakirudi, ombeni kwanza uchunguzi wa mazingira usomwe kwa Kiswahili mbele ya wote, pamoja na akina mama wakaushao samaki. Kisha ulizeni ni nani atakayelipa nyavu zikiharibika, na malalamiko yapelekwe wapi.