Mgodi wa Kale, Macho Mapya: Fedha ya Cobalt Inavyotafutwa Tena

Mgodi ukifungwa, si lazima madini yawe yamekwisha. Mara nyingi kinachokwisha ni faida: bei imeanguka, maji yamejaa chini, au mbale iliyobaki haiwezi kulipia gharama za kuitoa. Ndiyo maana watafiti wa madini hurudi kwenye machimbo ya zamani kila soko linapochangamka. Kama eneo lina madini au halina, wachimbaji wa kale walishajibu. Kazi iliyobaki ni kujua kimesalia nini, kiko wapi, na kukitoa kutagharimu kiasi gani.

Mji mdogo wa Cobalt, jimboni Ontario nchini Kanada, unaonyesha vizuri jinsi kazi hiyo inavyofanywa. Mwaka 1903, reli ilipokuwa ikijengwa kuelekea kaskazini, James McKinley na Ernest Darragh walikuwa wakitafuta miti ya kuchonga mataruma. Kando ya ziwa wakaona vipande vya metali kwenye mwamba: fedha asilia. Muda mfupi baadaye Fred LaRose, mhunzi wa reli hiyohiyo, naye akapata mshipa wake. Uzalishaji ulifika kileleni mwaka 1911, kwa aunsi zaidi ya milioni 30 ndani ya mwaka mmoja. Kwa jumla eneo hilo limetoa zaidi ya aunsi milioni 400, sawa na tani zaidi ya 12,000.

Utajiri huo wote ulitoka katika mishipa ambayo mingi ina upana wa sentimita chache tu. Yapata miaka bilioni 2.2 iliyopita, magma ilijipenyeza katikati ya miamba ya kale zaidi, ikapoa na kuwa tabaka nene la mwamba uitwao daibesi ya Nipissing. Maji ya moto yaliyobeba madini yakapita katika nyufa, na humo yakaacha kalsaiti, fedha, na misombo ya arseniki iliyoshikamana na kobalti na nikeli. Sehemu kubwa ya fedha ilipatikana umbali usiozidi mita 200 hivi kutoka pale daibesi inapokutana na miamba jirani. Kwa mtafiti, mpaka huo ndio dira. Anayejua unapopita chini ya ardhi ana pa kuanzia.

Hata hivyo, kabla ya kugusa mwamba, timu huanzia kwenye makabati ya nyaraka. Serikali ya Ontario huhifadhi ripoti za kazi zilizofanywa na wamiliki wa vitalu, na miongoni mwake zimo ramani za mahandaki zilizochorwa kwa mkono. Ramani hizo zina mitego yake. Vipimo ni vya futi, kila kampuni ilihesabu kuanzia mdomo wa shimo lake, na kaskazini ya dira ya zamani si kaskazini ya leo, kwa sababu ncha ya sumaku ya dunia huhama. Wataalamu hutembea porini, hutafuta midomo ya mashimo mawili au matatu yanayoonekana katika ramani, huipima kwa GPS, kisha huilaza ramani nzima juu ya alama hizo. Miale ya leza inayorushwa kutoka kwenye ndege huwasaidia: hupenya kati ya majani ya msitu na kufichua mitaro, vishimo na vifusi vilivyofunikwa na miti kwa karne nzima. Mwishowe kompyuta huunda mgodi wa zamani kwa umbo la pande tatu. Hapo maeneo ambayo hayakuguswa huanza kujitokeza.

Kwa nini hayakuguswa? Wachimbaji wa wakati ule walifuata fedha inayoonekana kwa macho. Mshipa ulipogeuka kuwa kobalti tupu, wengi waliuacha au wakautupa kwenye vifusi, maana kwa miaka mingi viwanda vya kuyeyushia madini havikulipa chochote cha maana kwa kobalti yenye arseniki. Kobalti hiyo ikipigwa na hewa na mvua huota utando wa rangi ya waridi, na mpaka leo mwanajiolojia akiuona juu ya jiwe huinama kulichunguza.

Kisha huja uchorongaji, yaani kutoboa mwamba kwa mtambo ili kupata sampuli, na hapo ndipo fedha ya Cobalt huwasumbua hata wazoefu. Madini hayakusambaa sawasawa. Yamekaa kama zabibu kavu ndani ya mkate, kipande kimoja kina nyingi na cha pili hakina hata moja. Mtambo unaweza kupita nusu mita kando ya bonge la fedha na kutoa mwamba mtupu. Unaweza pia kulipiga bonge lenyewe na kuleta matokeo ya kusisimua yasiyowakilisha mshipa mzima. Ili kupunguza makosa, maabara husaga sampuli kubwa na kuichekecha. Chembe za metali zinazogoma kupita kwenye chekeche hupimwa zote, na unga uliopita hupimwa peke yake. Hata hivyo shimo moja halithibitishi kitu. Tangazo linalosifu sentimita 30 za mwamba wenye fedha nyingi lisomwe pamoja na mashimo ya jirani yaliyotoka matupu.

Kanada ilijifunza tahadhari hiyo kwa uchungu. Mwaka 1997 iligundulika kuwa dhahabu ambayo kampuni ya Kikanada ya Bre-X ilidai kuipata kule Busang, Indonesia, haikuwepo: sampuli zilikuwa zimenyunyiziwa dhahabu. Tangu mwaka 2001, kanuni iitwayo NI 43-101 inataka taarifa za kitaalamu za madini zinazotolewa kwa wawekezaji zisimamiwe na mtaalamu anayetambulika. Makadirio ya zamani yanaweza kutajwa, lakini kampuni haiwezi kuyatangaza kama akiba ya leo kabla hayajahakikiwa upya.

Msukumo mkubwa wa kurudi Cobalt ulitoka kwenye betri za magari ya umeme zinazotumia kobalti. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa maeneo ya Kolwezi na Likasi, hutoa takriban asilimia 70 au zaidi ya kobalti ya dunia, na wanunuzi walitaka chanzo kingine. Bei ilipovuka dola 90,000 kwa tani mwaka 2018, makampuni madogo yalikimbilia Ontario. Ndani ya mwaka mmoja bei ilishuka kwa zaidi ya nusu. Jiolojia nayo haikubembeleza: kobalti ya Kongo imo pamoja na shaba katika matabaka yenye unene wa mita nyingi, ilhali ya Ontario imebanwa katika mishipa ya sentimita na imefungamana na arseniki. Kwa wingi, Cobalt haiwezi kushindana na Kolwezi.

Arseniki ndiyo deni kubwa la eneo hili. Marudio, yaani mabaki ya mwamba uliosagwa na kuchenjuliwa viwandani, yalimwagwa katika maziwa, na maji bado huibeba sumu hiyo kupitia kijito cha Farr hadi Ziwa Timiskaming. Mashimo mengine yalichimbwa chini ya mji wenyewe, na dari nyembamba za mwamba hutishia kuporomoka. Mtambo wa kuchoronga nao unaweza kutumbukia katika uwazi ambao hakuna ramani iliyouonyesha. Kuyachenjua upya marudio kunaweza kulipia sehemu ya gharama za usafishaji, lakini kunaweza pia kuitibua sumu iliyokwisha kutulia.

Kwa hiyo thamani ya mgodi wa kale ni kile kilichobaki ukitoa gharama ya uchafu ulioachwa. Mwekezaji anayehesabu upande mmoja tu anajidanganya, na serikali inayotoa leseni bila kuuliza nani atalipa deni inawabebesha wananchi. Tanzania nayo ina migodi iliyofungwa, kama Golden Pride wa Nzega na Buzwagi wa Kahama. Ramani za mashimo, sampuli za uchorongaji na kumbukumbu za marudio zihifadhiwe leo, tena mahali pa umma, kwa sababu mtafiti atakayerudi hapo baada ya miaka 100 atazihitaji kabla ya kuhitaji mtambo wowote.