Kamera Haijui Rangi

Kihisio kilichomo ndani ya kamera ya simu yako hakitambui rangi hata moja. Kinapima mwanga tu: hapa umeingia mwingi, pale kidogo. Rangi zinapatikana kwa ujanja, na ujanja wenyewe ni wa zamani kuliko tunavyodhani.

Mwaka 1861, jijini London, mwanafizikia Mskoti James Clerk Maxwell aliwaonyesha watu picha ya utepe wa kitambaa cha miraba. Mpigapicha Thomas Sutton alikuwa ameupiga utepe huo kupitia machujio ya rangi, moja baada ya jingine: jekundu, la kijani, la buluu. Picha zote zilikuwa nyeusi na nyeupe. Zilipomulikwa kwa pamoja, kila moja kupitia chujio lake, rangi zikajitokeza. Ajabu ni kwamba dawa ya picha ya siku hizo haikuweza kunasa mwanga mwekundu! Miaka 100 baadaye watafiti wa kampuni ya Kodak walifumbua fumbo hilo: chujio jekundu lilipitisha pia mionzi ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho, na kitambaa chekundu kiliiakisi. Maxwell alibahatika, ila kanuni yake ilikuwa sahihi.

Mwaka 1907 ndugu Auguste na Louis Lumière wa Ufaransa walianza kuuza mabamba ya Autochrome. Walichukua chembe ndogo mno za wanga wa viazi, wakazitia rangi ya chungwa, kijani na zambarau, wakazichanganya na kuzitandaza juu ya kioo. Kila chembe ikawa chujio. Kwangu hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, maana sasa bamba moja lilitosha.

Kihisio cha kielektroniki cha aina ya CCD kilibuniwa mwaka 1969 katika maabara za Bell, Marekani. Mwaka 1976 Bryce Bayer wa Kodak akapata hataza ya kukifunika kwa vichujio vidogo, kimoja juu ya kila pikseli. Nusu alivifanya vya kijani, kwa kuwa jicho la binadamu hupata undani mwingi wa picha kutoka kwenye rangi hiyo.

Kwa mpangilio huo, katika picha ya pikseli milioni 12, milioni 6 hupima kijani, milioni 3 nyekundu na milioni 3 buluu. Rangi mbili zinazokosekana kwenye kila pikseli hukadiriwa kutokana na majirani zake, na makadirio hukosea. Ndiyo maana shati la mistari myembamba huweza kutoa mawimbi ya rangi zisizokuwepo kwenye kitambaa. Ukiyaona, sogea mbele au rudi nyuma kidogo, kisha upige tena.