Mchicha Wenye Matundu Si Kipimo cha Sumu

Katika masoko ya Mbagala, Tandika, Tegeta na Bunju kuna kipimo kimoja cha mboga ambacho karibu kila mnunuzi anakijua. Mnunuzi anashika fungu la mchicha, analigeuza, anatafuta matundu. Akiyaona anafurahi. "Huu haujapigwa dawa. Mdudu kala na hajafa." Muuzaji mwenye mchicha wa majani mapana, mazima, yasiyo na tundu hata moja, ndiye anayeambiwa, "Wewe mama, huu wako una dawa."

Kipimo hiki tumekisikia hata katika madarasa yetu ya jioni. Kina akili ndani yake, maana aliyekianzisha alitaka kujua anachokula. Lakini si kipimo cha kweli.

Tufikiri pamoja. Mkulima wa bustani anapiga dawa lini? Wengi hawapigi kabla mdudu hajaja. Wanangoja mpaka waone majani yameliwa, ndipo wachukue bomba. Basi jani lililotobolewa Jumatatu, likapigwa dawa Jumanne, likavunwa Jumatano, litafika sokoni na matundu yake yale yale. Jani halizibi tundu. Mnunuzi ataona matundu, atafurahi, naye atabeba mboga yenye dawa ya jana. Na kinyume chake pia ni kweli. Mchicha uliofunikwa kwa chandarua, au uliokua wakati wadudu ni wachache, unaweza kuwa mzima kabisa bila tone la dawa.

Kunusa nako hakusaidii sana. Dawa nyingi za wadudu zina harufu kali zinapopigwa. Harufu ikiisha mtu husema dawa imeisha. Kumbe harufu inaweza kuondoka upesi na dawa yenyewe ikabaki kwenye jani.

Wataalamu huita dawa hizi viuatilifu. Ile dawa inayobaki kwenye mboga baada ya kuvuna huitwa mabaki ya viuatilifu. Mabaki haya hupimwa kwa miligramu. Wasomaji wetu mnajua kwamba kilo 1 ina gramu 1,000. Gramu 1 nayo ina miligramu 1,000. Kwa hiyo kilo 1 ya mchicha ina miligramu 1,000,000. Kwa dawa fulani kinachoruhusiwa katika kilo moja ya mboga ni miligramu chache tu. Kwa nyingine ni sehemu moja ya mia ya miligramu. Viwango hivi hupangwa na tume ya mataifa iitwayo Codex Alimentarius, iliyoundwa mwaka 1963 na mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, la chakula na la afya. Nchi nazo zaweza kuwa na viwango vyake.

Miligramu moja katika kilo ni ndogo kiasi gani? Chukua magunia matatu ya mahindi, kila moja la kilo 100. Ndani yake mna punje zipatazo milioni moja. Paka rangi punje moja tu, irudishe, changanya. Sasa itafute. Hicho ndicho kitu tunachotaka macho yetu yakione sokoni.

Basi maabara wanakionaje? Mtaalamu hachukui jani moja. Huchukua mboga kutoka sehemu mbalimbali za shamba au za mzigo, ipatayo kilo moja, kwa sababu tuta moja laweza kuwa limepigwa dawa na la pili halikupigwa. Mboga hukatwakatwa na kusagwa kabisa. Sehemu ndogo hupimwa kwa mizani, ikatiwa kimiminika chenye uwezo wa kuitoa dawa ndani ya jani, na chumvi maalumu. Hutikiswa kwa nguvu, kisha huzungushwa kwa mashine mpaka takataka zitue chini. Kinachobaki juu kina dawa, kama ipo.

Hapo ndipo kazi kubwa inapoanza. Tone dogo la maji yale hupitishwa kwenye mrija mwembamba sana, wenye urefu wa mita 30 hivi, uliokunjwa kama koili ya waya. Ndani ya mrija gesi inasukuma. Fikiria watu kumi wametoka Kariakoo kwa miguu kwenda Mbagala Rangi Tatu. Wote wameondoka saa moja. Mmoja hasimami popote. Mwingine anasimama kila genge kuuliza bei. Huku Rangi Tatu ameketi karani mwenye saa. Akijua tabia ya kila mtu, basi kwa saa aliyofika tu anaweza kukisia ni nani. Viuatilifu navyo ni hivyo hivyo. Kila kimoja kina mwendo wake ndani ya mrija. Mashine inaandika saa ya kufika, inaandika na wingi wake, halafu mtaalamu analinganisha na dawa halisi anayoijua. Mashine za siku hizi huongeza ushahidi mwingine: huvunja kila dawa vipande na kupima uzito wa vipande hivyo, ili asije akasingiziwa asiyekuwepo.

Kuna pia kipimo cha haraka, cha kadi. Kadi hiyo ina kimeng'enya, kitu kinachofanana na kile kinachofanya kazi katika mishipa yetu ya fahamu. Maji yaliyooshewa mboga yanadondoshwa juu yake. Kama hakuna sumu, kimeng'enya kinafanya kazi na kadi inageuka rangi, mara nyingi buluu. Kama sumu ipo, kimeng'enya kinazimwa na rangi haibadiliki. Ndivyo dawa hizo zinavyomdhuru hata mtu: zinazima kimeng'enya hicho mwilini, akatokwa jasho na mate, akatapika, misuli ikatetemeka, mboni za macho zikawa ndogo. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali mara moja, na chupa ya dawa ipelekwe pamoja naye.

Lakini kadi hii inakamata jamii mbili tu za dawa, zile za klorpirifosi na profenofosi, na ndugu zao wa kabameti. Dawa nyingine zinapita bila kuonekana. Kadi ikisema "hakuna" maana yake ni kwamba hakuna za jamii hizo kwa kiasi inachoweza kukiona. Tusiifanye kadi kuwa matundu mapya.

Na kuna sumu ambayo si dawa ya wadudu kabisa. Mwaka 1999 wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Bahemuka na Mubofu, walichapisha matokeo ya kupima mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Walikuta ndani yake risasi na kadimiamu, pamoja na shaba na zinki. Risasi tunayosema hapa ni ile metali iliyomo katika betri za magari. Zamani ilitiwa pia katika petroli. Huingia mtoni kwa maji ya viwandani, gereji na majitaka, ikashuka kwenye udongo, mmea ukaivuta kwa mizizi. Kadimiamu huharibu figo. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Vumbi lililotua juu ya jani unaweza kuliosha. Risasi iliyopanda kutoka kwenye mizizi huwezi, hata ukiosha kwa mapipa matatu. Maabara huikausha mboga, huiyeyusha kwa asidi, na kuipulizia katika mwali wa moto unaopitishiwa mwanga. Kila metali hunyonya mwanga wa aina yake.

Ni rahisi kumwambia mwenye bustani ya bondeni, "Acha kumwagilia maji ya mto." Tunakubali kwamba asimwagilie maji yanayopita viwandani. Lakini si haki lawama zote zikaishia kwa mwenye ndoo, wakati uchafu ulimwagwa juu na mtu mwingine kabisa.

Mfano mwingine uko jirani zetu, Kibaha, mkoani Pwani. Katika shamba la Vikuge yalihifadhiwa madawa ya msaada yaliyoletwa kutoka nje katika miaka ya 1980. Mengine yalikuwa yamepitwa na wakati. Ghala likaporomoka. Baadaye mabaki yaliyoonekana kwa macho yakaondolewa, pakawa kama pamesafishwa. Mwaka 2004 watafiti walichapisha vipimo vyao. Udongo wa juu, mahali palipozidi, ulikuwa na DDT asilimia 28, yaani gramu 28 katika kila gramu 100. Walichimba hadi sentimita 50 wakaikuta bado. Walipima maji ya kisima, humo nako wakakuta sumu. Macho yalisema pamekwisha. Maabara ikasema bado.

Mahindi na karanga zina sumu yao, sumukuvu, inayotengenezwa na ukungu wa nafaka isiyokauka vizuri. Mwaka 2016 iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na kupika ugali hakuiondoi. Huko macho yanasaidia kidogo, kwani kutoa punje zilizooza, zilizobadilika rangi na zilizovunjika hupunguza sumu. Kupunguza tu. Turudi bustanini.

Maabara tunazo. Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula, lina maabara yake Ubungo. Kuna Mkemia Mkuu wa Serikali. Kuna Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu yenye makao Arusha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Lakini kupima ni gharama, na majibu hayaji siku hiyo hiyo. Mchicha wa leo utakuwa umeliwa. Hakuna nchi inayopima kila fungu.

Kwa hiyo kipimo kikubwa kiko mikononi mwa anayepiga dawa, na kimeandikwa. Kiko kwenye kibandiko cha chupa. Tafuta maneno yanayotaja siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Mara nyingine huandikwa kwa herufi PHI. Dawa moja itasema siku 3, nyingine 7, nyingine 14. Siku hizo mtengenezaji hakuzibuni. Zinatokana na kupima mabaki kila baada ya siku kadhaa, mpaka yashuke chini ya kiwango. Angalia pia mstari wa rangi chini ya kibandiko: nyekundu ni sumu kali mno, kisha njano, kisha buluu, kisha kijani. Angalia na jina la zao. Dawa ya pamba si ya mchicha.

Sasa shida yenyewe. Mchicha wetu huvunwa baada ya wiki tatu au nne. Kama umesia tarehe 1 na utavuna tarehe 28, na dawa yako ina siku 14, basi siku ya mwisho kuipiga ni tarehe 14. Wadudu wakija tarehe 20, dawa hiyo haikufai tena. Itakubidi utafute yenye siku chache, au utumie maji ya majani ya mwarobaini, au maji ya sabuni kwa wadudu mafuta, au uwaokote viwavi kwa mkono asubuhi. Kazi hiyo inachosha, tunajua. Na mchuuzi amesimama kwenye tuta alfajiri, fedha mkononi, ada ya shule inangoja. Hapo ndipo watu wengi huvuna.

Shida ya pili ni dawa ya kupimiwa. Mkulima mwenye matuta sita hahitaji lita nzima. Anakwenda dukani na chupa ya soda, anapimiwa kwa kifuniko, anarudi na kitu kisicho na jina. Hakuna siku, hakuna rangi, hakuna zao. Wewe uliyejifunza kusoma, hapo umenyang'anywa cha kusoma. Na chupa ya soda nyumbani kwenye watoto, hilo hatuhitaji kulieleza. Ni afadhali wakulima watano wachange wanunue chupa moja iliyofungwa, wagawane matumizi siku ile ile shambani, na chupa ibaki na kibandiko chake.

Vikundi vyetu tumevishauri viwe na daftari la matuta. Mistari mitatu tu: tuta namba ngapi, dawa gani, tarehe gani. Mchuuzi anayenunua tuta zima ana haki ya kuuliza, "Umepiga lini?" na kuonyeshwa tarehe badala ya kuapiwa.

Mama wa nyumbani aoshe mboga kwa maji mengi yanayotiririka, akisugua, kabla ya kukata. Nyanya yenye poda nyeupe isifutwe kwenye kanga tu. Kuosha hupunguza dawa iliyokaa juu. Ile inayonyonywa na mmea ikaingia ndani haitoki kwa kuosha, na chumvi haina uchawi wowote.

Zoezi la kikundi. Bibi mmoja wa Toangoma alipiga dawa tuta namba 4 tarehe 9. Kibandiko kinasema siku 7. Tarehe 11 mvua kubwa ilinyesha. Tarehe 14 mchuuzi amekuja, anataka tuta hilo hilo, na anatoa bei nzuri. Je, bibi huyu aweza kuvuna tarehe ngapi? Je, mvua inampunguzia siku? Na leo hii amjibu nini mchuuzi?